Kipimo Changu ni Bhajia Zilizoungua

Televisheni yangu iko nyuma yangu. Chumba chetu hapa Majengo, Pumwani, mlango wake unafunguka barazani, na barazani ndipo lilipo karai langu la bhajia na viazi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu usiku nimeupa mlango mgongo, nawatazama wateja, wengi wao watu wa Gikomba waliokwisha funga vibanda. Kwa hiyo tamthilia za jioni mimi sizitazami, nazisikiliza. Nikisikia kitu kikanivuta, nageuka. Nikigeuka, bhajia zinaungua. Mwanangu husema filamu nzuri kwetu hujulikana kwa harufu.

Basi mnisamehe, sitawaeleza habari za nguo, magari wala majumba ya matajiri wa Runda. Mimi nitasema nilichosikia katika tamthilia na filamu zetu za Kenya.

Na nilichosikia kwa miaka mingi, wenzangu, ni watu wanaoongea kama wanasoma barua ya mwalimu mkuu. Kuna tamthilia moja, sitaitaja, jambazi kamwelekezea mtu bastola halafu anamwambia, "Nakusihi unikabidhi mkoba wako." Unikabidhi! Mteja mmoja, kijana wa kubeba mizigo, alicheka mpaka ukwaju ukammwagikia shati. Hapa mtaani mtu anaibiwa kwa maneno mawili, na la pili halichapishiki.

Mimi nimezaliwa Mombasa, Kibokoni, nikaletwa Nairobi na ndoa. Ungetarajia niwe wa kwanza kudai Kiswahili safi. Sidai. Nadai mtu aongee kama yeye. Tukiwa wadogo tulikuwa tunajazana kwa jirani kutazama vichekesho vya Vitimbi kwenye runinga ya KBC, na Mzee Ojwang' akifungua mdomo tu tunaanguka. Lafudhi ile ya Kijaluo niliiamini kabisa. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba jina lake ni Benson Wanjau, Mkikuyu! Alipofariki mwaka 2015 nilimsimulia mwanangu, naye akaniuliza kwani hiyo si kudanganya. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yenyewe. Lafudhi haikuwa pambo alilovaa juu ya maneno. Alifikiri nayo, alikasirika nayo, Mama Kayai, mkewe wa mchezoni, akimgombeza alijitetea nayo.

Sultana, tamthilia iliyoanza runinga ya Citizen mwaka 2022, ilinirudisha nyumbani. Ni kazi ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan kupitia Jiffy Pictures, hadithi ya binti asiyeona. Msichana asiyeona na mama asiyetazama, tulifaana. Wanawake mle ndani wanajua kusutana. Hawatukanani, wanarushiana fumbo, mwenzake anameza, anangoja, anarudisha kubwa zaidi. Hicho ni Kiswahili chenye watu ndani. Ila muziki! Mtu akisema neno zito kidogo, ngoma zinaanguka juu yake kama sufuria zimeteleza kabatini. Na kila siri lazima mtu aisikie akiwa nyuma ya mlango. Kwetu siri husikika dirishani, sikatai, lakini si kila siku ya Mungu. Sultana nilikuwa naunguza bhajia mbili tatu kwa wiki. Si haba.

Country Queen, tamthilia ya mwaka huohuo, sikuipata barazani. Ilikuwa Netflix, nami niliitazama kwenye simu ya mpwa wangu, Jumapili, vipindi vyote sita nikiwa nimelala ubavu. Akisa, anayeigizwa na Melissa Kiplagat, anarudi kijijini kwao baada ya miaka kumi, anakuta kampuni ya dhahabu inataka kuwahamisha watu. Kiswahili, Kiingereza na Kikamba vinapishana vizuri. Mwigizaji Nini Wacera ndiye mkubwa wa kampuni, naye anaongea taratibu kama mtu anayenoa kisu huku akikuuliza habari za watoto. Yeye nilimwogopa. Lakini mambo ni mengi mno: ardhi, dhahabu, mapenzi ya wizi, mambo ya zamani yaliyofukiwa. Kila moja lingetosha msimu mzima. Ni kama mtu kukuletea sinia la pilau, biriani na wali wa nazi kwa pamoja. Utakula, lakini kesho huwezi kusema umekula nini.

Sasa Nairobi Half Life. Ni filamu ya 2012, mwongozaji David Tosh Gitonga, na mimi nimechelewa kuipata kwa kosa la kijana mmoja anayejaza watu filamu kwenye flashi. Nilimtuma mwanangu, akarudi nayo, tukaiwasha, tukasikia dijei, mtu anayesimulia juu ya sauti ya filamu! Nawapenda hawa madijei wa kufasiri. DJ Afro akisimulia Mchina anavyoruka ukuta, mimi hata nyama siigeuzi. Lakini hii ni filamu ya Nairobi, watu wanaongea lugha yangu, unanifasiria nini? Kila palipokuwa kimya, yeye alipajaza. Mtu anavuta pumzi, dijei anamalizia. Tulimrudishia flashi yake, akatuambia ile ndiyo inayouzika. Wiki mbili baadaye tukapata isiyo na nyongeza.

Ilianza nikiwa nakatakata viazi. Mwas, yaani Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayeuza filamu za nakala na kuziigiza ili wateja wanunue. Anataka kuwa mwigizaji, anakuja mjini. Basi alipofika River Road, nilisikia honi, makanga, mikokoteni, mtu anaita mtu, nikajua kuna vurugu hapa nje mlangoni kwangu. Nikanyanyua kichwa. Njia nyeupe. Kelele zilikuwa zinatoka nyuma yangu, kwenye televisheni. Hapo nikageuka, na sahani nzima ya bhajia ikaenda.

Kilichonishika ni ulimi wa huyo Mwas. Nyumbani anaongea kama mtoto wa mama yake. Kwa akina Oti, genge la kuiba vipuri vya magari, Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi, inaanza kumwingia, mara ya kwanza anajikwaa, baadaye inatoka yenyewe. Jukwaani anakwenda kwa Kiingereza. Nilikuwa naweza kufumba macho nikajua yuko wapi na anamdanganya nani. Mwanangu, ambaye hasifu kitu, alisema, "Mathe, hao ni wasee wa mtaa kabisa." Olwenya Maina kama Oti ana sauti ya mtu anayekupenda na atakayekuuza, zote kwa pamoja, na hujui ipi itatangulia.

Lawama yangu ni kwa Amina, msichana wa Oti. Nancy Karanja anaigiza kwa macho, na macho mimi siyasikii. Wamempa maneno machache mno, yupo ili wanaume wagombane. Wangemwachia hata dakika tano aseme yake.

Supa Modo ndiyo iliyonitia hasara. Ni ya 2018, ya Likarion Wainaina, fupi, haifiki hata saa moja na nusu. Mtoto Jo, miaka tisa, mgonjwa asiye na dawa, anataka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na dada yake anakishawishi kijiji kizima kijifanye kwamba anazo. Mle ndani yumo Mike, kijana anayewaonyesha wanakijiji filamu huku akizifasiri, dijei kamili, nami nikajikuta ninamcheka kwa mapenzi baada ya kumlaani mwenzake.

Stycie Waweru, aliye Jo, anaongea kama mtoto, si kama mtu mzima aliyefupishwa. Lakini aliyenigeuza ni Marrianne Nungo, mama yake. Huyo mama ni mkunga, na binti yake mwenyewe hana la kumfanyia. Kuna mahali hasemi kitu. Mimi niliyezoea kufuata sauti nilisikia zimekatika, nikadhani stima imepotea. Nikageuka niangalie taa. Taa zinawaka, na yule mama amekaa tu, na hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna mtu nyuma ya mlango. Sijui nilisimama muda gani na unga mikononi. Wifi yangu alikuja kunyakua karai likishafuka moshi.

Bhajia zilikuwa nyeusi kama makaa. Mzee mmoja anayeuza viatu Gikomba alikuwa amesimama pale muda wote, shilingi hamsini yake mkononi, hajahudumiwa na halalamiki, shingo ameinyoosha anachungulia ndani kupitia bega langu. Nilimfungia zile nyeusi kwenye gazeti, bure, nikamwomba radhi. Akazichukua, akashuka barazani, kisha akarudi.

"Huyo mtoto," akaniuliza, "alipona?"

Nikamwambia aje kesho, tutaiweka tena, na nitamtolea kiti.