Sheria zilizochakaa: Texas na California

Majimbo haya mawili ya Marekani yana njia tofauti za kupitia sheria na taasisi zilizopitwa na wakati; ipi bora? Texas, tangu 1977, huipa taasisi ya serikali tarehe ya kufa, kwa kawaida kila baada ya miaka 12. Tume ya wajumbe 12, kumi kati yao wabunge, huikagua; bila mswada mpya, inafutwa. Tarehe hiyo huwasukuma wavivu, lakini Bunge hukutana siku 140 tu kila mwaka usiogawanyika kwa mbili. Mwaka 2017 mswada wa kurefusha uhai wa bodi inayosimamia madaktari ulikwama, gavana akaitisha kikao maalumu kuinusuru.

California ina tume ya marekebisho ya sheria tangu 1953. Huchunguza mada zilizoidhinishwa na Bunge, hukusanya maoni, huandika rasimu. Haina shinikizo la tarehe, ila kwa sheria za mirathi au ushahidi, ningeichagua hii.