"Chungu hicho ni cha Maji": uzoefu wangu kwenye jumba la sanaa linalokarabatiwa

Kiingilio ni cha haki na choo ni kisafi. Sifa nyepesi zinaishia hapo.

Jumba lenyewe liko hapa Mbeya mjini, jina nalihifadhi. Paa linabadilishwa, nusu ya vyumba vimefungwa, na vitu vyote vimebanwa kwenye nusu iliyobaki na kupangwa upya kwa mada: Maji, Kubeba, Mizimu, Shamba. Zamani ukuta huu ulikuwa wa Wanyakyusa, ule wa Wahehe, na Wamakonde kule mwisho. Nimekwenda kipindi hiki cha baridi. Kwenye chumba cha Maji, juu ya boksi jeupe, kimewekwa chungu kipana chenye kadi hii: "MAJI 7. Chungu." Basi.

Nikamwuliza mhudumu, "Samahani binti, chungu hiki kimetoka wapi?" Shikamoo sikuipata, uso haukutoka kwenye simu. "Hicho ni cha Maji." Nikauliza kimefinyangwa na nani. "Mzee, siku hizi hatuendi kwa kabila, tunaenda kwa mada. Ungesoma kadi."

Kadi niliisoma. Chungu nacho nilikisoma. Kuanzia tako hadi nusu ya tumbo ni masizi matupu. Hicho kimekaa mafigani miaka na miaka, maji yake yalikuwa ya kuchemshia maharage! Mtungi wa maji huwa na shingo nyembamba ili yasimwagike njiani, na udongo wake hutoa jasho, ndiyo maana maji yake hupoa. Hiki mdomo wazi kama karai. Kwa umbo, na kwa ule mng'ao wa udongo uliosuguliwa kwa kokoto, kinaelekea kuwa kazi ya Wakisi, wale mama wafinyanzi wa Ikombe, kule karibu na Matema kwenye Ziwa Nyasa. Lakini "kinaelekea" ndilo neno la mwisho mtu anaweza kusema sasa, kwa sababu ukiinama utaona karibu na tako pamekwanguliwa, upana wa ukucha wa dole gumba. Hapo ndipo palipokuwa na namba yake ya usajili. Juu yake wamebandika stika ya mada.

Hapa ndipo damu ilipochemka. Namba ya usajili kwa kawaida ina sehemu tatu: mwaka kitu kilipoingia, fungu lililopokelewa, na nafasi ya kitu ndani ya fungu. Tuseme 1987.14.2. Haitaji kabila, mada wala chumba, kwa hiyo unaweza kuhamisha kitu mara mia na bado daftari litakwambia kilitolewa na nani, wapi, na kwa kazi gani. "MAJI 7" itakufa siku mkurugenzi mwingine atakapotaka mada ya Moto. Nikauliza daftari la zamani. Liko stoo, na stoo imefungwa kwa ukarabati.

Kazi yenyewe haina uchawi. Kabla kitu hakijanyanyuliwa, kipigwe picha mbele, nyuma, chini na penye ufa. Kifungwe kikaratasi kigumu kwa uzi wa pamba, kisibandikwe gundi, na namba iandikwe kwa penseli kwa sababu wino wa kalamu huchuruzika ukipata unyevu. Chungu hubebwa kwa mikono miwili, mmoja chini mmoja ubavuni, kamwe si kwa mdomo, maana mdomo ndio hukatika kwanza. Daftari lijazwe kitu kinapotoka na kinapofika, siku hiyohiyo, wakiwa watu wawili. Mada? Mada ni safu ya mwisho, nayo iandikwe kwa penseli ili ifutike.

Wala sisemi mada ni kosa. Tate Modern, jumba la sanaa la London, ilifunguliwa mwaka 2000 kwa mpangilio wa mada badala ya miaka, na watu walibishana vilivyo, lakini kila kazi ilibaki na jina la aliyeitengeneza.

Na hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu chumba cha Kubeba kimeninyamazisha. Kikapu cha Iringa cha milulu, ngata ya kichwani, mbeleko, na katikati kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliobebana hadi juu katika gogo moja la mpingo. Kwa mpangilio wa zamani kikapu kilikuwa ukuta wa Wahehe na kinyago hatua arobaini mbali. Hakuna ambaye angeviona ni ndugu. Aliyewaza chumba hiki ana jicho. Nilitaka kutoa nyota nne.

Kisha nikagusa ukuta. Umelowa! Plasta ya saruji mpya humwagiwa maji wiki nzima ili ikomae, halafu huendelea kutoa unyevu. Fundi rangi mwenye akili husubiri wiki nne kabla ya kupaka. Kinyago kiko sentimita chache kutoka hapo, na upande wa pili taa yenye joto kali. Mpingo hauozi upesi, lakini upande mmoja ukivuta unyevu na mwingine ukikauka, gogo hupasuka kwa urefu, na ufa huo haurudi. Mita moja tu ya kukisogeza, na taa izimwe.

Michoro ya Tingatinga kwenye chumba cha Shamba nayo hadithi ni ileile. Rangi yake ya mafuta ni ngumu, ila hadibodi iliyo nyuma hunywa maji pembeni, ikavimba, rangi ikabanduka. Vipande viwili vya mbao nyuma, hewa ipite sentimita 2, vinatosha. Chumba cha Mizimu nakipita: wamechanganya mapiko, barakoa za Wamakonde za kuchezea ngoma, na vinyago vya shetani vya kuuza sokoni, bila neno moja la kuvitenganisha.

Kwa hiyo nyota mbili. Moja ni ya Kubeba yote peke yake, na nendeni mkakione, nasema kwa moyo. Yule binti simlaumu sana tena; hakupewa cha kujibu. Shikamoo, hata hivyo, haihitaji daftari.

Na kama uliwahi kupiga picha humo kabla ya mafundi kuingia, hata ya harusi, angalia kadi za zamani zilizo ukutani nyuma ya watu, uwapelekee wenye jumba. Vyungu vilikuwa mkono wa kushoto ukiingia, chini ya dirisha.