Zoom Earth: ninavyofuatilia vimbunga nikiwa Dar

Kaka yangu husafirisha mizigo kwa mashua kati ya Nyamisati na Mafia, nami nipo Kigamboni. Kuanzia Novemba hadi Aprili, miezi ya vimbunga huku kwetu, Zoom Earth, programu ya kuonyesha picha za setilaiti za mawingu na vimbunga, haitoki kwenye simu yangu.

Picha za upande wetu wa Bahari ya Hindi zinatoka setilaiti ya Meteosat ya Ulaya, mpya kila dakika 15. Raha yake ni kuzirudisha nyuma na kuzichezesha mfululizo. Picha moja ni wingu tu. Ukichezesha za saa kadhaa, unaliona linavyozunguka kufuata mishale ya saa, kama vimbunga vyote vya kusini ya ikweta, na unaona kama linajikaza au linalegea. Usiku nako huachwi gizani, kwa kuwa picha za infraredi, mionzi isiyoonekana kwa macho, hupima joto: kilele cha wingu kikiwa baridi sana, ujue limepanda juu mno.

Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilichokuja msimu ukiwa umeshapita, ndicho kilichonifundisha kuzisoma picha hizi. Kaka alikuwa ameshafunga mashua. Nilikifuata kikitoka mashariki hadi kikafika Mafia tarehe 4, kisha duara lake likaanza kuchanika. Ukitazama picha tu ungesema yameisha. Kumbe mvua ilikuwa bado inapiga kusini, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika Somanga.

Setilaiti inatazama mgongo wa wingu. Kinachodondoka chini yake ni kazi ya rada. TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanazo rada Dar na Mtwara: mawimbi ya redio yanatoka, yanagonga matone, yanarudi na habari ya mvua ilipo na inavyosogea. Ila mawimbi hayo huenda karibu sawa na mstari huku dunia ikijipinda, kwa hiyo mbali baharini yanapita juu ya mvua bila kuigusa. Kimbunga kikiwa mbali, mimi ni setilaiti. Kikikaribia pwani, nataka habari ya rada.

Naipendekeza Zoom Earth kwa moyo wote, hasa kwa wenye ndugu baharini. Hata hivyo kaka haahirishi wala haanzi safari kwa picha zangu. Anasubiri tangazo la TMA la upepo mkali na mawimbi makubwa, na mimi namtumia picha ya saa hiyo aone kinachotangazwa kimefika wapi.