Levo ya leza kwa kusawazisha dari: inalipa, ila ihakikiwe kwanza

Kwa nyumba mpya za Bagamoyo zenye sebule ya mita 6 na zaidi, levo ya leza (kifaa cha kupimia usawa kwa mwanga) ya mstari wa kijani, ile ambayo mstari wake unazunguka chumba digrii 360, ni pesa iliyotumika vizuri. Mpira wa maji, ule wa kuonyesha ndani unaopimia usawa, nao ni sahihi usipokuwa na mapovu, lakini unataka watu wawili na unatoa nukta moja moja.

Kabla ya kuiamini, iweke karibu na ukuta mmoja, utie alama ya mstari kwenye ukuta huo na ule unaoelekeana nao. Ihamishie karibu na ukuta wa pili, uigeuze nusu mzunguko, utie alama tena pande zote mbili. Umbali kati ya alama mbili za ukuta mmoja ulingane na wa ukuta mwingine. Ukizidi kwa milimita 6, leza inakosea milimita 3 kwa upana wa chumba hicho. Nyingi zinaahidi milimita 3 kwa mita 10; ikizidi hapo, rudisha dukani. Na kufuli ya pendulumu, yaani uzito unaoning'inia ndani na kuisawazisha leza, ifunguliwe, maana ikifungwa mstari unawaka bila kujisawazisha.

Kazini, simamisha mstari sentimita 20 hivi chini ya mbao za dari. Pima kwa tepu hadi uso wa chini wa kila mbao, kila nusu mita, na uandike kipimo palepale kwa penseli. Kipimo kifupi kuliko vyote ndicho kinachoamua kimo cha dari. Kwingine kote, tofauti yake ndiyo unene wa kujazia. Ikiwa ni mbao moja tu iliyoshuka, ing'oe uigeuze, usishushe chumba kizima kwa ajili yake.

Pengo la hadi milimita 10 lijaze kwa kipande cha plaiwudi kilichofungwa vizuri. Likizidi, usirundike vipande: hulegea, bodi ya dari ikacheza na kiungo kikapasuka. Piga mbao nyoofu ubavuni mwa iliyopinda, uso wake ufuate mstari. Bodi ya milimita 9 ipewe mbao kila sentimita 40. Kwa futi mbili inafanya tumbo.

Leza haitibu mbao mbichi. Paini iliyotoka kwenye dawa jana itakauka, ijipinde, na usawa wote upotee. Ipange ndani kwa vijiti katikati hadi ikauke. Skrubu ziwe za zinki, kwani nyeusi hushika kutu upesi kwa chumvi ya pwani.

Udhaifu wa leza ni mwanga: karibu na dirisha mchana mstari hufifia, hivyo ziba kwa turubai.

Kwa nyumba za mawe za Mji Mkongwe, usinunue. Vyumba ni vyembamba, mpira unatosha. Boriti za mikoko hazilingani unene, na kuzichonga ni kuzidhoofisha. Mbao za ubavuni ndiyo njia. Boriti zilizo kavu na nzima, kwa maoni yetu, zisifunikwe kabisa.