Bingo ya intaneti: miezi minne ya kuhesabu watu badala ya kadi

Kwa miezi minne nimecheza bingo ya namba 90, yaani mchezo wa bahati ambamo namba 1 hadi 90 hutolewa moja moja na mchezaji huzitia alama kwenye kadi yake, kwenye tovuti moja, nikiwa nyumbani Kamalondo, hapa Lubumbashi, na ninataka kueleza hasa jambo lililonigharimu fedha, yaani wingi wa wachezaji. Kadi ya mchezo huu ina namba 15 katika mistari mitatu. Kuna zawadi ndogo kwa mstari mmoja na kwa miwili, lakini zawadi kubwa ni ya anayejaza kadi nzima kabla ya wengine.

Mwanzoni niliingia Jumamosi usiku, chumba cha mchezo kwenye tovuti kikiwa kimejaa, nikiamini kwamba penye watu ndipo penye fedha. Mara kwa mara mtu alitangazwa mshindi huku mimi nikingoja namba tano au sita, nikadhani ni bahati mbaya, kumbe kadi zikiwa nyingi, ni rahisi mojawapo ijae mapema. Mdogo wangu, anayesoma hisabati chuoni, ndiye aliyeniambia, "Yaya, usihesabu watu, hesabu kadi," tukaketi na daftari.

Tulichukua chumba cha kadi za senti 10, chenye zawadi ya dola 10 isiyobadilika. Nikinunua kadi 6 kwa senti 60, na kadi zote zilizouzwa zikiwa 40, nafasi yangu ni 6 kati ya 40, na kwa wastani ninarudishiwa dola 1 na senti 50. Zikiuzwa kadi 1,800, nafasi hiyo inashuka hadi 1 kati ya 300, na senti zangu 60 zinarudi zikiwa senti 3 tu! Lakini pale ambapo zawadi ni asilimia 80 ya mauzo, wastani unabaki senti 48, chumba kiwe na watu wachache au kimejaa. Tofauti ni kwamba katika chumba kidogo unapata kidogo kidogo mara nyingi, na katika kikubwa unaweza kumaliza miezi bila kuonja chochote.

Umeme ulipokatika, kadi zangu ziliendelea kujazwa zenyewe, na hilo ninalisifu kwa dhati. Ninachokilalamikia ni kwamba tovuti huonyesha idadi ya wachezaji bila kuonyesha kadi zilizouzwa, ilhali watu 20 wenye kadi 6 kila mmoja wanapunguza nafasi yangu kuliko watu 80 wenye kadi moja moja. Mchezaji ana haki ya kuijua idadi hiyo kabla ya kulipa. Nimewaandikia mara mbili, na hadi watakaponijibu ninacheza asubuhi za siku za kazi tu, katika chumba kile cha dola 10 ambamo hakuna anayeruhusiwa kuzidisha kadi 6. Nikikuta wachezaji wamepita 15, ninatoka bila kununua, kwa sababu hapo, nikijiongeza mimi, kadi zinaweza kupita 100, na siwezi tena kuwa na hakika kwamba mauzo yako chini ya zawadi.