Wimbo wa Vioo: Usiku Mmoja katika Ukumbi wa Filamu wa Langoni

Wimbo "Pyar Kiya To Darna Kya" nimeupenda kwa masikio tu tangu utotoni. Niliusikia kwanza katika kaseti ya marehemu nyanya yangu, kaseti iliyochakaa hata sauti ya Lata Mangeshkar ikawa inayumba mahali pale pale kila inapochezwa, na mpaka leo nikiuimba peke yangu huiyumbisha sauti mahali hapo. Basi nilipopata habari kwamba ukumbi mdogo ulioko mtaa wa Langoni hapa Lamu, katika kichochoro kinachotoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ungeonyesha filamu ya Kihindi ya Mughal-e-Azam, yenye wimbo huo, usiku wa Alhamisi, nilimwambia mama tukaenda pamoja, naye hakuhitaji kubembelezwa.

Ukumbi wenyewe ni chumba cha chini cha nyumba ya kale ya mawe, chenye boriti za mikoko darini, na siku nyingi huonyesha kandanda. Kiingilio ni shilingi 100. Upande mmoja hutandikwa mikeka kwa ajili ya kina mama na watoto, na upande wa pili kuna mabenchi. Viazi vya karai na maji ya ukwaju vinauzwa mlangoni, na ukwaju wake ni mzito, haukutiwa maji kupita kiasi.

Linalonifanya niusifu ukumbi huu ni kwamba mwenyewe haziruki nyimbo. Katika kumbi nyingine nilizowahi kuingia, wimbo ukianza tu mtu huisogeza filamu mbele, kana kwamba hadithi imesimama ikingoja waimbaji wamalize, ilhali katika filamu za Kihindi za zamani jambo zito kuliko yote mara nyingi husemwa kwa wimbo, kwa kuwa haliwezi kusemwa kwa maneno ya kawaida. Hapa ndivyo ilivyo hasa. Anarkali, mcheza ngoma wa kasri anayependana na mwana wa mfalme, anasimama mbele ya Mfalme Akbar na kumwambia hadharani kwamba aliyependa hana sababu ya kuogopa, kwa kuwa kupenda si kuiba. Mshairi Shakeel Badayuni aliyaweka maneno hayo mepesi kabisa, na Naushad akayatungia sauti inayopanda taratibu, mpaka kufikia pale ambapo sura ya Madhubala, mwigizaji wa Anarkali, inaonekana katika kila kipande cha kioo darini na mfalme hana pa kugeuzia macho. Ukiuruka wimbo huo, hasira ya Akbar inayofuata haieleweki. Nimeusikia mara nyingi mno, lakini hilo la vioo sikulijua, na niliona machozi yakinitoka kabla sijajua yanatoka wapi.

Sisi watu wa pwani tumezizoea sauti hizi hata pasipo kuiona filamu, maana marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, na wenzake walizivika mashairi ya Kiswahili tukazicheza arusini. Pengine ndiyo sababu mikeka yote iliimba kiitikio kwa pamoja, wengi wakiwa hawajui neno moja la lugha yenyewe.

Ninayo malalamiko mawili. La kwanza ni spika, ambazo zimewekwa kwa ajili ya kelele za mpira, kwa hivyo sauti nyembamba ya Lata inapopanda juu hukwaruza na kupoteza utamu wake. La pili ni kubwa zaidi. Filamu hii ilipotoka mwaka 1960, sehemu kubwa yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, na wimbo huu ulikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizopigwa kwa rangi; mwaka 2004 ikatolewa upya, yote ikiwa imetiwa rangi. Tulioonyeshwa sisi ni huo mkanda wa 2004. Mama aliitazama ya kwanza Mombasa akiwa msichana, na tulipokuwa tukitembea kurudi nyumbani aliniambia, "Mwanangu, rangi zilipozuka siku ile, watu walisimama. Leo rangi zilikuwapo tangu mwanzo, hapakuwa na cha kuzuka." Nadhani amesema kweli. Lile jumba la vioo la wimbo huu, lililojengwa kwa mfano wa Sheesh Mahal, yaani kasri la vioo, ya ngome ya Lahore, lilikusudiwa kumshtua mtazamaji aliyekaa muda mrefu katika kijivu, na mtazamaji aliyekwisha kuona nguo nyekundu na bustani za kijani hashtuki vivyo hivyo.

Nililitaja jambo hilo kwa mwenye ukumbi, akanisikiliza kwa adabu na kusema atautafuta mkanda wa awali. Ni mtu anayejali kazi yake: adhana ya Isha ilipoanza aliisimamisha filamu bila kuambiwa na mtu, akawasha taa, na watu waliporudi kutoka msikitini aliirudisha nyuma kidogo ili wasikose kitu.

Filamu huchukua karibu saa tatu, mbali na mapumziko hayo, kwa hivyo anayekwenda na watoto awalishe kwanza. Anayekwenda kwa ajili ya wimbo akae nyuma kabisa, karibu na ukuta wa mlango, ambapo spika hazimpigi masikioni na kioo cha dari huonekana chote.