FAWM: nyimbo 14 ndani ya Februari, kwa macho ya fundi cherehani wa Ngamiani

Kwa wenye haraka: ni bure, inafanya kazi, na mtu aliyelelewa kwenye mashairi ya vina na mizani ataifaidi kuliko anavyodhani. Nyota nne kati ya tano. Iliyobaki nimeizuia kwa sababu nitakazozitaja huko chini, na hakuna hata moja ya kukufanya usijaribu.

Jina kamili ni February Album Writing Month, watu huita FAWM. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mmarekani Burr Settles na wenzake wachache, na sharti lake ni fupi: siku 28, nyimbo 14, yaani wimbo mmoja kila siku mbili. Mwaka wenye siku 29 lengo huwa nyimbo 14 na nusu. Nyimbo ziwe mpya, zimetungwa mwezi huohuo. Hakuna majaji, hakuna zawadi, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Unafungua akaunti kwenye tovuti yao, unaweka maneno ya wimbo na kiungo cha sauti, wenzako wanasikiliza na kukuandikia maoni, nawe unasikiliza za kwao. Gharama zao huendeshwa kwa michango ya hiari.

Mimi nashona Ngamiani, hapa Tanga. Mchana ni madera, abaya na sare za harusi. Usiku natunga mashairi ya kikundi chetu cha taarab, kinachoimba kwenye harusi na shughuli za mtaani. Nilijiunga Februari 2025, na anayeijua kalenda yetu ameshaelewa: Februari ile ilikuwa Shaaban mwanzo mpaka mwisho. Kila nyumba yenye mwari inakimbiza ndoa ipite kabla ya Ramadhani, akina mama wananunua kitambaa kimoja na kila mmoja anataka mshono wake, na siku za mwisho ni vunja jungu. Kwa fundi hakuna mwezi mzito kama huo, ukiacha Ramadhani yenyewe na nguo zake za Idi. Nasema haya kwa ajili ya wale wanaoniambia wangependa kushiriki ila hawana muda. Muda sikuwa nao. Nilikuwa na vipande vya muda: mteja amechelewa kuja kujaribu gauni, umeme umekatika na mashine imelala, nimepanda bajaji natoka soko la Mgandini na mzigo wa nyuzi mapajani. Mistari mingi niliiandika kwenye daftari la vipimo, pembeni ya kiuno na mabega ya watu.

Watunzi wengi ninaowafahamu hapa Tanga husubiri usiku uliotulia ndipo washike kalamu, na usiku huo hauji. Tarehe ya FAWM haisubiri mtu. Ikifika siku ya pili hujamaliza, unajua wimbo mwingine unakuja nyuma yake, kwa hiyo unaufunga huu ulio nao mkononi, hata kama ubeti wa tatu unajua ungeweza kuwa mtamu zaidi. Na nilichokiona mwisho wa mwezi ni kwamba ule ubeti niliokuwa naupigania kwa kawaida ndio usiohitajika. Ukiuondoa, wimbo unasimama.

Kurekodi nilikuogopa kabla ya kuanza, na ndiko kulikonipa raha kuliko yote. Mtoto wa kaka yangu anapiga kinanda kwenye kikundi. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa duka, akapiga makofi mara mbili, akasikiliza, akasema, "Shangazi, wewe studio unayo, watu wanalipia hii." Ni kweli. Chumba kitupu cha kuta za saruji kinairudisha sauti, unasikika kama uko kwenye kisima. Duka la fundi limejaa majora ukutani na nguo zilizotundikwa kila upande, na vitambaa vinaimeza sauti ile inayotaka kurudi. Tukafunga mlango, tukatundika madera yaliyokwisha kushonwa nyuma ya mgongo wangu, simu tukaiegemeza kwenye rafu ya vifungo usawa wa kidevu. Mbele ya simu tukavuta kipande cha shifoni kwenye fremu ya kutarizia, maana herufi kama p na b zinapiga upepo kwenye maiki na kuharibu mstari mzuri. Programu ni BandLab, nayo ni bure: kinanda unakiweka kwenye mstari wake, sauti mstari wake, waitikiaji mstari wao, halafu unavipandisha na kuvishusha upendavyo. Feni lazima izimwe. Februari ya Tanga bila feni, na mlango umefungwa, si jambo dogo, lakini dakika nne mtu anavumilia. Adhana ya Isha ikitolewa tunanyamaza mpaka imalizike, watu wanakwenda kuswali, tukirudi tunaendelea.

Ndani ya FAWM kuna mchezo mmoja wa saa moja. Mtu anatoa kichwa cha wimbo, saa inaanza, na ndani ya dakika 60 uwe umetunga, umerekodi na umeweka. Hapa ndipo nilipowashukuru wazee waliotulea kwenye tenzi na qasida. Kichwa kilichotolewa kilihusu taa iliyoachwa inawaka. Wenzangu wa ng'ambo, kwa maoni waliyoandika baadaye, robo saa ya kwanza waliimalizia kutafuta umbo: mistari iwe mirefu kiasi gani, irudi wapi. Sisi umbo tumepewa tayari. Mizani minane, mizani minane, kina cha kati, kina cha mwisho, kibwagizo. Unabaki na kazi moja tu ya kutafuta la kusema:

Taa nimekuwashia, barazani ingojee
Utambi nimekatia, mwanga wake uenee
Mafuta nimejazia, usiku uendelee
Ukipita utajua, kwangu hakujafungiwa

Beti tatu za namna hiyo zilikuwa tayari kabla ya nusu saa. Watu husema vina na mizani ni pingu. Kwa mtu anayekimbizana na saa, ndiyo njia iliyofyekwa. Nawaomba vijana wanaoandika bongofleva hapa mjini wasiidharau. Wajaribu wimbo mmoja tu wa namna hii wakiwa wamebanwa na muda, halafu ndipo waseme.

Sasa maoni. Walionisikiliza, karibu wote, hawajui Kiswahili. Niliweka muhtasari mfupi wa Kiingereza chini ya kila shairi, mwanangu alinisaidia, lakini muhtasari ni muhtasari. Fumbo halipiti humo. Kwenye harusi ya Tanga mimi nimezoea kusikilizwa maneno. Nikipiga fumbo, kuna meza itainuka na kuja kutunza, na kuna meza itanyamaza kimya, nami najua limefika. Kwa wasikilizaji hawa fumbo halikuwapo kabisa. Wao wakasikia kilichobaki: mahadhi, pumzi, mahali sauti inapopanda. Bibi mmoja aliniandikia kwamba nyimbo zangu tatu mfululizo zinaanza juu na kushuka kwa ngazi zilezile. Nikazipiga moja baada ya nyingine nikiwa natia pindo, na alisema kweli. Hapa nyumbani hakuna mtu angeliona hilo, maana maneno yangewashughulisha. Baada ya maoni yale nilitunga wimbo unaoanzia chini kabisa, karibu na mazungumzo, sauti inapanda kwenye kibwagizo tu. Huo ndio ambao kikundi kiliuchukua, na ndio unaoombwa sasa kwenye shughuli. Kwa faida hiyo peke yake mimi ningejiunga tena.

Kuna pia ushirikiano: mmoja anatoa maneno, mwingine anatia muziki. Mpiga gitaa wa Canada aliomba lile shairi la taa. Alicholeta kilikuwa kitamu mkononi, lakini aliliimba kwa namna ambayo masikio yangu yalikataa. Kiswahili kina tabia moja, uzito wa neno unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Yeye alibeba "utambi" kwa kukandamiza u ya mwanzo, na "mafuta" akaitupa nguvu yote kwenye ma. Sikuweza kumweleza kwa Kiingereza changu, kwa hiyo nilishika mkasi, nikamsomea shairi lote kavukavu bila mahadhi, nikigonga meza kila penye uzito. Nikamtumia. Kesho yake alirudisha gitaa lililopangwa upya, mapigo yote yameangukia pale nilipogonga mkasi wangu, na ghafla ukawa wimbo wa Kiswahili. Tangu hapo kila shairi nalisoma hivyo kwanza, kwa kugonga, kabla sijalitafutia mahadhi.

Niseme na hili la urefu. Taarab ya kisasa tunayoipiga kwenye kumbi wimbo mmoja unaweza kuvuka dakika kumi, na una sababu yake, watu wanatunza, foleni ni ndefu, kinanda kinasubiri. Lakini Tanga hii ndiyo ya Black Star na Lucky Star, vilabu vilivyochukua taarab, vikaipunguzia ukubwa wa kundi, vikaitia gitaa na besi, na santuri zao zikatoka Mombasa. Ndimo alimopita mwimbaji Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo mtunzi alilazimika kusema lake na kutoka. FAWM ilinirudisha kwenye kipimo kile bila kukusudia. Msikilizaji mwenye nyimbo nyingi za watu wa kusikiliza usiku mmoja hakupi dakika kumi. Unapata tatu, nne ukiwa hodari. Nimeanza kuwaomba wenzangu kwenye kikundi kwamba kila onyesho liwe na walau wimbo mmoja mfupi wa namna ile. Mpaka sasa wanabishana, na mimi sijaacha kuomba.

Upungufu sasa. Tovuti yote ni Kiingereza. Anayesoma kidogo atajikongoja, asiyesoma atahitaji mtu wa pembeni, na hapo watunzi wetu wazuri kabisa, wale bibi zetu wenye mashairi kichwani, wanabaki nje. Saa za ile michezo zinafuata zaidi watu wa Marekani na Ulaya: New York ikiwa saa nane mchana, Tanga ni saa nne usiku, na mtu anayefungua duka asubuhi ataulipia usingizi huo. Kusikiliza kunakula bando. Mimi nilijiwekea kusikiliza pale penye intaneti ya bure, na nyumbani nikawa nasoma maneno tu. Halafu watu wa kule ni wapole mno kwenye maoni. Upole unatia moyo mwanzoni, lakini ukitaka mtu akuambie penye ukungu inabidi uandike wazi chini ya wimbo kwamba unaomba kukosolewa. Nilipoanza kuandika hivyo ndipo nilipopata maoni yenye kazi, likiwemo lile la ngazi zilezile. Na elewa kwamba maoni ni kubadilishana. Ukiweka nyimbo zako na kuondoka, zitakaa peke yake. Ukisikiliza za watu na kuandika jambo la kweli, wanakuja.

Lengo nilifika, ingawa nyimbo za mwisho niliziweka maneno matupu bila muziki, vunja jungu imeshika kasi na kijana wangu yuko kwenye shughuli kila usiku. Inaruhusiwa, hakuna anayekukagua.

Kwa anayeandika nyimbo moja kwa mwaka na kuridhika, simshawishi. Kwa anayetunga kwa oda kama mimi, jina la bibi harusi, jina la mama mkwe, sifa za ukoo, namshawishi kwa nguvu zote, kwa sababu mwezi mzima unaandika usichoagizwa.

Kuna ndugu zao wa Fifty Ninety pia, nyimbo 50 kwa siku 90 kuanzia tarehe 4 Julai. Hiyo nimeitazama nikaipisha.

Wa Tanga wanaofikiria Februari 2026, pigeni hesabu mapema: Ramadhani inatarajiwa kuingia katikati ya mwezi, kutegemea mwandamo. Mimi nimepanga taarab zote ziishe nusu ya kwanza, muziki na kila kitu, na nusu ya pili iwe qasida na mashairi ya kusoma, nitakayoyarekodi sauti tupu baada ya tarawehe. Duka litakuwa na nguo za Idi mpaka darini, kwa hiyo sauti itakuwa safi zaidi. Kama kuna mtunzi jirani asiye na mahali pa kurekodi, aje Ngamiani na simu yake na bando lake, shifoni na fremu nitampa mimi.